Leo Siku Gani, Mjomba?

Tulikuwa tunarudi nyumbani kutoka mazoezini, mpwa wangu amekaa kiti cha dirishani, begi la glovu amelipakata. Akaniuliza, "Mjomba, leo siku gani?" Nikamwambia Jumamosi. Akaitikia kwa kichwa, akatazama nje. Hazikupita dakika kumi akauliza tena, kwa sauti ileile, "Mjomba, leo siku gani?" Nikadhani ananitania. Mara ya tatu tulikuwa tumeshashuka, tunatembea. Nilisimama palepale njiani, nikamshika mabega, nikamtazama usoni. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

Alikuwa na miaka 15. Saa moja kabla ya hapo alikuwa ulingoni na mtu mzima wa miaka 24, aliyemzidi kilo zisizopungua nane, huku kocha niliyemtafuta mimi mwenyewe ameegemea kamba anampigia kelele: "Vumilia! Bingwa halalamiki!"

Nataka nieleze nilivyompata yule kocha, maana kabla kosa halijawa lake lilikuwa langu.

Mtoto mwenye kipaji huwapagawisha watu wazima. Huyu wetu alianza ngumi ana miaka 11, na alipofika 14 kila aliyemwona alikuwa na lake la kusema. Ana kasi. Ana jicho. Halafu ile sentensi inayowaponza wengi: "Huyu apelekwe kwa kocha mkubwa." Mimi ndiye niliyekuwa nimetazama mapambano mengi kuliko wote kwenye familia, kwa hiyo dada yangu akaniachia kazi. Nikazunguka kumbi za mazoezi kama mtu anayenunua shamba asilojua kulima.

Nilichokuwa napima ni kile kinachoonekana. Ukuta wa yule kocha ulijaa picha za mabondia na mikanda. Sikujiuliza alikaa nao muda gani, wala wangapi kati yao walifika kwake wakiwa wameshaiva. Kisha nikamwona akishika pedi, zile ngao za mkononi ambazo kocha hupokelea ngumi za bondia. Wallahi zilikuwa zinalia! Pa, pa-pa, pa, mpaka watu wanasimama kutazama. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba mlio ule unatengenezwa na mshika pedi: anaupeleka mkono wake ukutane na ngumi ya mtoto, na mtoto yeyote atasikika kama mwenye baruti. Halafu pedi zile hazikuwa zinarudisha. Mtoto anapiga sita mfululizo, anamaliza amesimama palepale, kidevu juu, mikono chini, na kocha anamsifu. Siku hizi nikimtazama kocha kwenye pedi, natazama kinachotokea mtoto akishamaliza kupiga. Je, anamrudishia? Anamlazimisha kuinama, kutoka pembeni, kurudisha mikono usoni? Kama hapana, lile ni onyesho.

Cha tatu kilikuwa maneno. Alimtazama mpwa wangu dakika tano, akaniambia, "Nipe miaka mitatu, nikurudishie bingwa wa dunia."

Hapo ndipo nilipokwisha. Nimekua na hadithi ya Cus D'Amato, yule kocha mzee aliyemwona Mike Tyson akiwa na miaka 13 na kusema huyu atakuwa bingwa wa uzito wa juu, akamchukua nyumbani kwake, akawa mlezi wake kisheria. Kila mjomba mwenye mpwa anayerusha ngumi anamtafuta mzee wa namna hiyo. Tunasahau kwamba D'Amato alifariki Novemba 1985, mwaka mmoja kabla Tyson hajavaa mkanda, na kwamba Kevin Rooney, aliyeendeleza mafunzo yale, alifukuzwa mwaka 1988. Tyson alipopigwa na Buster Douglas mjini Tokyo, Februari 1990, jicho lake lilivimba na kona yake, yaani wasaidizi wake wa pembeni mwa ulingo, haikuwa hata na kile chuma baridi cha kubonyeza uvimbe. Wakajaza maji ya barafu kwenye glovu ya mpira, wakawa wanamwekea bingwa wa dunia mfuko wa maji usoni. Nilikuwa naijua habari hiyo miaka na miaka, naisimulia kama kichekesho. Sikuwahi kumwomba yule kocha anifungulie begi lake nione lina nini.

Baada ya ile Jumamosi, daktari alisema ni mtikisiko wa ubongo. Apumzike, asiguse ulingo mpaka dalili zote ziishe na aruhusiwe. Dada yangu hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Alikaa kimya, akachukua lile begi la glovu, akaliweka juu ya kabati.

Nilimrudia kocha. Sikwenda kwa shari, nilikwenda kuuliza tu ilikuwaje. Akanijibu, "Kama mnaogopa apigwe, mpelekeni akacheze drafti." Kisha, kana kwamba hatujazungumza lolote, akatoa karatasi. Alitaka tusaini awe kocha na meneja wa kijana kwa miaka kadhaa, kuanzia hapo. Kwenye ngumi za kulipwa kocha kwa kawaida huchukua kama asilimia 10 ya malipo ya bondia, na meneja ana fungu lake kubwa zaidi. Mtu akishika kofia zote mbili, siku kijana anapotakiwa kusema "sipigani, kichwa kinauma," anamwambia nani? Anamwambia yule ambaye asipopigana naye hapati kitu. Sikusaini. Huo ndio uamuzi pekee wa maana niliofanya mwaka ule.

Nisimwonee, lakini. Jebu ya mpwa wangu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele inayotoka bila kutangaza, alifundishwa na yeye. Pumzi pia. Alikuwa anajua ngumi. Alichokuwa hakijui, au hakijali, ni mtoto.

Kocha wa pili tulimpata kwa njia ya kushindwa. Miezi kadhaa kabla ya yale yote, kwenye mashindano madogo ya ridhaa, mpwa wangu alipoteza kwa pointi mbele ya kijana mwembamba, mikono kama fito, ambaye kwa macho yangu hakuwa na kipaji hata robo. Niliwalaumu waamuzi njia nzima. Sasa, begi likiwa juu ya kabati, nikaanza kuikumbuka ile kona ya pili. Kati ya raundi, kocha wetu alikuwa anamwagilia mtoto maji na maelekezo kumi kwa mpigo: piga mwili, zunguka, mikono juu, usirudi nyuma, mkaribie, kwa nini hupigi mkono wa pili. Yule wa upande wa pili alimkalisha kijana wake, akamwacha avute pumzi mara tatu, nne, ndipo akainama akasema kitu kimoja. Kimoja tu. Na raundi iliyofuata yule fito akakifanya.

Lennox Lewis alipoangushwa na Oliver McCall raundi ya pili, London, Septemba 1994, kwenye kona ya McCall alikuwepo kocha Emanuel Steward. Wengine wangeweka kinyongo. Lewis alimtafuta Steward akawa kocha wake, na pamoja wakarudi kileleni. Nikasema, kama bingwa wa dunia hakuona aibu, mimi ni nani?

Nilikwenda peke yangu kwa kocha wa yule fito, nikaomba kukaa tu nitazame. Hakuniuliza mengi, akanionyesha benchi. Nilikaa pale jioni sita.

Siku mbili za mwanzo nilikuwa natazama nilichozoea kutazama, wale vijana wazuri. Siku ya tatu macho yangu yalikwenda kwa mtoto mmoja mnene, mzito wa miguu, ambaye hata kuruka kamba alikuwa anajikwaa. Kwa yule kocha wa kwanza, mtoto wa namna hii alikuwa anaambiwa akapige begi kule pembeni, na huko anasahauliwa. Huyu kocha, mtu wa makamo na magoti yanayolia, alipiga goti sakafuni, akaushika mguu wa nyuma wa yule mtoto kwa mikono miwili, kama anayesogeza mtungi uliojaa maji, akausogeza kidogo. "Hapa. Sasa piga." Mtoto akapiga. Mguu ukarudi kulekule. Akausogeza tena. Nilihesabu, alifanya hivyo mara tisa, na mara ya tisa hakuwa na sauti tofauti na ya kwanza.

Kama ningeruhusiwa kuangalia kitu kimoja tu kwa kocha, ningeangalia hicho: anavyomfundisha yule ambaye hatamletea mkanda. Kijana mwenye kipaji kila mtu anamtendea vizuri, tena mpaka siku anapoteza pambano mbili. Baada ya hapo naye anakuwa kama yule mnene, na ndipo utajua umempeleka kwa nani.

Sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, pale ilikuwa siku moja kwa wiki. Glovu kubwa za aunsi 16, watu wa uzito mmoja, na mara nyingi ilikuwa ya kugusana, si ya kuumizana. Akiona mmoja amezidiwa anasimamisha, anazungumza nao wote wawili, wanaanza tena au hawaanzi. Kila anayeshuka ulingoni anasimamishwa mbele yake na kuulizwa maswali matatu: leo siku gani, umepigana na nani, na raundi ya pili nilikwambia nini. Niliposikia lile swali la kwanza, benchi likawa la moto.

Majibu yanaingia kwenye daftari. Nilimwomba nilione. Daftari la kawaida la shule, kurasa zimepigwa mistari kwa rula: jina, tarehe, raundi ngapi, alipigana na nani, kilo zake na za mwenzake, na safu ya mwisho imeandikwa tu "kichwa". Hapo anaweka alama kwa kila konde zito la kichwa alilohesabu.

"Kwa nini unahesabu?" nikamuuliza.

Akanieleza jambo ambalo mimi, shabiki wa miaka yote hiyo, sikuwahi kulifikiria. Kwenye kanuni za ridhaa alizolelewa nazo, bondia akisimamishwa kwa sababu ya makonde ya kichwa anakaa nje siku zisizopungua 30. Ikitokea mara mbili ndani ya miezi mitatu, siku 90. Mara tatu ndani ya mwaka, anakaa mwaka mzima. Kanuni nzuri, lakini zinafuata kile kilichotokea mbele ya mwamuzi na daktari wa ulingo. "Watoto hawa wanapigana mapambano labda manane kwa mwaka," akasema. "Humu ndani wanapigwa kila wiki. Nani anaandika ya humu ndani?"

Nikafikiria ile Jumamosi. Haikuandikwa popote.

Basi nikamwomba amchukue mpwa wangu. Akasema tusubiri kwanza. Akataka kujua daktari amesema nini, akataka kuiona ile karatasi ya ruhusa, kisha akataka kuzungumza na kijana, mimi nitoke nje. Nilitoka kwa shingo upande. Baadaye mpwa wangu akaniambia aliulizwa swali moja gumu: "Mjomba wako asingekuwepo, ungekuwa hapa?" Mpaka leo hajaniambia alijibu nini.

Sharti la mwisho lilinikera. Twende tukamuage kocha wa kwanza, uso kwa uso, tumshukuru. Nikasema yule hastahili. Akasema hilo halimhusu, ila mtoto anayejifunza kutoroka kwa kocha mmoja atamtoroka na wa pili. Tulikwenda. Mpwa wangu alitoa mkono, ukabaki hewani. Akaurudisha, akasema "asante kocha," tukaondoka. Sikumwona akilia siku alipopigwa, siku ile alilia.

Niliyoyatarajia baada ya hapo ni kwamba nyota itang'aa. Ikawa miezi minane bila pambano hata moja.

Sababu ilikuwa mkono. Mpwa wangu ni wa kushoto kwa kuzaliwa, na kocha wa kwanza alimgeuza asimame kama wa kulia kwa sababu michezo yake yote ya pedi ilipangwa hivyo. Huyu wa pili alimtazama akiruka kamba, akamtazama akirusha mpira, akasema, "Rudi ulivyoumbwa." Akaanza naye upya kabisa. Lakini kazi ya zamani hakuitupa. Alimwambia mkono wa kulia uliokwisha fundishwa kazi ni mali, sasa ukiwa mbele ndio utakaorusha jebu, utakuwa fimbo yake. Mimi nikamkumbuka Manny Pacquiao, aliyefika kwa kocha Freddie Roach kule Los Angeles mwaka 2001 akitegemea zaidi mkono wake wa kushoto, na wa kulia ukaja kujengwa polepole mpaka ukawa silaha. Nikaona nimwambie kocha mfano huo. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akaniomba nirudi kwenye benchi.

Nilikuwa msumbufu, nakiri. Mwezi wa tano nilianza kunung'unika kwamba wenzake wanaingia mashindanoni. Aliporudi ulingoni alipoteza mapambano mawili ya kwanza, tena moja mbele ya kijana ambaye zamani alimshinda bila jasho, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuulizia kumbi nyingine. Ndiyo, baada ya yote yale. Kocha aligundua, akaniuliza kwa utulivu kama kuna mtoto mwingine niliyeahidiwa.

Kwenye uzito nitapita haraka kwa sababu bado unaniuma. Yule wa kwanza aliwahi kumshusha mtoto kilo nne kwa siku tatu, anakimbia amevaa nailoni, anasukutua maji na kuyatema, ili aingie uzito wa chini akutane na wadogo. Na mimi nilimsifia mtoto kwa uvumilivu. Mwili uliokauka hivyo unaingia ulingoni bila nguvu ya kustahimili hata makonde ya kawaida. Huyu wa pili alimpima, akamtazama urefu wa mifupa, akampandisha uzito wa juu yake. Basi.

Wengi huniuliza kuhusu vyeti. Uliza, ni haki yako. Makocha wa ridhaa wana madaraja ya nyota, moja hadi tatu, na ni heri mwenye nyota kuliko asiye nayo. Cheti kinakuambia amekaa darasani. Hakikuambii atafanya nini kengele ikiwa bado dakika moja, ukumbi umesimama, na mtoto wako miguu imekuwa ya mpira.

Hilo nililiona mwezi uliopita. Mpwa wangu sasa ana miaka 18. Nusu fainali, raundi ya tatu na ya mwisho, na kwa hesabu yangu alikuwa anaongoza. Alichukua mbili za kwanza kwa ile jebu ya kulia, mpinzani haioni inatoka wapi. Kisha akajisahau, mkono ukashuka, akapokea konde la kuzungusha sikioni. Hakuanguka. Akahesabiwa hadi nane, akamwonyesha mwamuzi glovu, akaitikia kwa kichwa kwamba yuko sawa. Zimebaki kama sekunde 40. Ukumbi mzima unapiga kelele. Na taulo likaruka kutoka kona yetu, likatua katikati ya ulingo: kocha wetu amesimamisha pambano, tumeshindwa.

Nimesimulia mara ngapi habari ya Manila, 1 Oktoba 1975? Kocha Eddie Futch anamzuia bondia wake Joe Frazier asitoke kwa raundi ya 15 dhidi ya Muhammad Ali, macho yamefumba, Frazier anakataa, anataka kuendelea, na mzee anasema imetosha. Nimeisimulia kwa machozi, kwa watu wasiotaka hata kuisikia. Lakini taulo la kwetu lilipotua, mimi ndiye niliyeruka kutoka kwenye kiti nikapaza sauti, "Kwa nini? Anaongoza!" Waliokaa karibu yangu waligeuka kunitazama.

Chumbani kijana alikuwa amegeukia ukuta. Hataki kufunguliwa bendeji. Kocha akavuta kiti, akakaa nyuma yake, akangoja. Mimi mlangoni, sina pa kuweka mikono yangu.

"Leo siku gani?"

"Jumapili." Kwa hasira.

"Umepigana na nani?"

Akamtaja.

"Raundi ya pili nilikwambia nini?"

Kimya. Nikaona mabega yake yanajaribu. Akageuka polepole, akamtazama kocha, kisha akanitazama mimi, na ule mtazamo niliujua.

"Sikumbuki, mwalimu."

Kocha hakusema neno. Akatoa daftari begini, kutoka chini ya taulo safi, pamba, mkasi, kopo la mafuta na kile kipande cha chuma ndani ya barafu, akaandika tarehe, na kwenye safu ya mwisho akaandika: siku 30, kwa daktari kesho asubuhi. Akampa kijana kalamu asaini. Alisaini kwa mkono uliofungwa bendeji, mwandiko umelala kama umepigwa na upepo, akasimama akachukua kamba yake ya kurukia.

"Na kamba pia iache," kocha akasema.